Mitambo ya kuinua mizigo: ipi inalipa Masasi na Newala?

MSIMU wa mauzo ya korosho huanza Oktoba, na kwa miezi michache maghala ya Masasi na Newala hufurika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, korosho hupimwa na kuhifadhiwa ghalani zikisubiri mnada.

Lori la tani 30 hubeba magunia 375 ya kilo 80. Gunia likishushwa, likapangwa na kupakiwa tena, hiyo ni miinuo 1,125 kwa lori moja tu. Ndiyo maana wenye maghala huanza kuulizia mitambo. Swali ni aina ipi.

Toroli la jeki. Ndilo rahisi kuliko yote. Huingizwa chini ya chaga, likapampiwa kwa mkono. Hubeba kama tani mbili, lakini huinua sentimita chache tu. Linahitaji sakafu ya saruji iliyo laini. Halipandishi mzigo juu ya rundo.

Mkanda wa kupandishia. Magunia hupanda moja moja hadi juu ya rundo au kwenye bodi la lori. Makuli bado wanahitajika, ila hawapandi ngazi na mzigo mabegani.

Foklifti. Chaga lenye magunia 12 lina kilo 960, hivyo lori la tani 30 humalizika kwa safari 32. Mnunuzi asidanganyike na maandishi ya "tani 2". Uzito huo huhesabiwa kitovu cha mzigo kikiwa karibu na mlingoti, kwa kawaida sentimita 50. Mzigo ukisogea mbele au ukipandishwa juu sana, uwezo hupungua na mtambo unaweza kupinduka. Ya dizeli hufaa uani, lakini moshi wake ni hatari katika ghala lililofungwa. Ya betri haina moshi, ila hutegemea umeme wa uhakika. Penye udongo au mchanga, chagua matairi ya upepo.

Majukwaa ya kuinua watu. Haya ni ya kazi za paa na taa. Jukwaa la mkasi hupanda wima tu na hutaka sakafu tambarare. La mkono hufika hata juu ya rundo. Bati linalovuja huharibu korosho na kushusha daraja lake, hivyo paa likaguliwe kabla ya Oktoba. Kwa ghala moja, jukwaa la mabomba lenye magurudumu hutosha. Kuinua fundi kwa uma za foklifti ni kucheza na roho ya mtu.

Hesabu ya mwisho ni ya siku za kazi. Mtambo unaotumika miezi minne hulala minane, huku mtaji umefungwa. Kukodi huonekana nafuu, lakini Newala iko juu ya uwanda, na gharama ya kupandisha mtambo kwa lori huweza kumeza nafuu hiyo. Maghala jirani yakikodi kwa pamoja, gharama hiyo hugawanyika.

Mwenye ghala dogo aanze na toroli na mkanda. Anayenunua foklifti iliyotumika akague minyororo, uma na mabomba ya mafuta, kisha adai cheti cha ukaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwajibisha mwajiri. Ajali moja yaweza kula faida ya msimu mzima.