Paa Lisiloficha Makombamoyo

Je, wajua kwamba mjini Pasadena, California, kuna nyumba ya mbao ya mwaka 1908 ambayo makombamoyo yake yametokeza hadi nje ya ukingo wa paa, na kila mpita njia anayaona? Ndiyo Gamble House, iliyosanifiwa na ndugu wawili, Charles na Henry Greene. Kwa kawaida ncha za makombamoyo hukatwa na kufunikwa kwa ubao. Ndugu hawa waliziacha ndefu, wakazichonga zikawa mviringo. Gharama yake ilikuja baadaye: mvua na jua viliziozesha, na mwanzoni mwa karne hii mafundi walilazimika kuziganga.

Mtindo huo huitwa Craftsman, jina la jarida ambalo Gustav Stickley, mtengenezaji wa samani, alilianzisha mwaka 1901. Alifuata mawazo ya William Morris wa Uingereza, aliyeamini kwamba viwanda vinamnyima fundi heshima ya kazi ya mikono yake. Kwa hiyo kiungo cha mbao hakifichwi, na kabati na mabenchi hujengwa pamoja na ukuta.

Kinachonivutia zaidi katika mtindo huu ni upenu. Paa lina mteremko mdogo nalo huzidi ukuta kwa mbali. Adhuhuri ya kiangazi jua la Pasadena hupanda hadi nyuzi 79 hivi, na upenu huo hulizuia lisifike kwenye madirisha ya kusini. Siku fupi kabisa ya majira ya baridi jua hilo halivuki nyuzi 33, hivyo miale hupenya chini ya paa na kuingia sebuleni. Mara nyingi mbele kuna baraza pana, na nguzo zake, nene chini na nyembamba juu, husimama juu ya vitako vya mawe au matofali.

Nyumba ndogo za mtindo huu zilienea haraka. Kampuni ya Sears iliuza nyumba kwa katalogi kuanzia 1908 hadi 1940, vipande vikisafirishwa kwa treni. Wengi walipata makazi mazuri kwa njia hiyo, lakini mtindo ulipoteza ukweli wake kidogo. Katika nyumba nyingi za bei nafuu, mategemeo ya pembetatu chini ya paa ni pambo lililopigiliwa misumari tu. Ukitaka kulitambua tegemeo la kweli, tazama kichwa chake: hubeba boriti iliyotoka ndani ya ukuta.