Kihisi cha unyevuanga cha grafini

Kihisi cha unyevuanga cha grafini ni kifaa kidogo cha elektroniki kinachopima mvuke wa maji uliomo hewani kwa kutumia utando mwembamba wa grafini au wa kemikali zinazotokana nayo, hasa oksidi ya grafini. Utando ukinasa mvuke, tabia yake ya umeme hubadilika, na badiliko hilo husomwa kama asilimia ya unyevuanga. Vihisi hivi bado vinapatikana zaidi katika maabara. Vingi vinavyouzwa madukani hutumia utando wa polima.

Grafini na oksidi yake

Grafini ni tabaka moja la atomi za kaboni zilizopangwa kwa umbo la pembesita, kama sega la nyuki. Matabaka mengi yakilaliana hufanya grafiti, madini yanayotumika katika penseli. Tanzania ina akiba kubwa ya grafiti, kwa mfano huko Mahenge (Mkoa wa Morogoro) na Ruangwa (Mkoa wa Lindi).

Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walifaulu kutenga grafini kutoka kwenye grafiti kwa utepe wa gundi. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Oksidi ya grafini hutengenezwa kwa kutibu grafiti kwa asidi kali na kemikali zenye oksijeni. Njia inayojulikana zaidi ilitolewa na William Hummers na Richard Offeman mwaka 1958. Oksijeni iliyo juu ya uso wake huvuta molekuli za maji. Tena oksidi hii hutawanyika vizuri majini, kwa hiyo inaweza kudondoshwa au kunyunyizwa juu ya elektrodi na kuachwa ikauke iwe utando.

Namna kinavyofanya kazi

Hewa ikiwa kavu, molekuli chache za maji hushikwa kwa nguvu juu ya oksidi, na umeme hupita kwa shida. Unyevuanga ukiongezeka, maji hujipanga kwa matabaka na kuingia kati ya vipande vya oksidi. Hapo protoni huweza kuruka kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine. Ukinzani wa utando hupungua na uwezo wake wa kutunza chaji huongezeka.

Wembamba wa utando ni faida kubwa, kwa sababu mvuke huingia na kutoka upesi. Mwaka 2013 watafiti wa Nokia mjini Cambridge walitangaza kihisi kilichoitikia badiliko la unyevuanga kwa takriban milisekunde 30.

Umuhimu kwa hifadhi ya nafaka

Igowole, kata ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, iko katika nyanda za juu zenye baridi, ambako mahindi huchelewa kukauka. Mahindi yakihifadhiwa mabichi huota kuvu, na baadhi yake hutoa sumukuvu. Nchini Kenya mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Ndani ya gunia lisilopitisha hewa, hewa iliyo kati ya punje hulingana na punje zenyewe: unyevuanga ukizidi takriban asilimia 70, mahindi hayajakauka vya kutosha. Kihisi kidogo kinaweza kuonyesha hali hiyo bila kufungua gunia.

Wakulima wanaweza kupima kwa chumvi. Mahindi na chumvi kavu hutikiswa ndani ya chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye kuta, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15.

Mipaka

Joto hubadilisha usomaji, hivyo kihisi huhitaji kipimajoto kando yake. Usomaji wakati unyevuanga unapanda huweza kutofautiana na ule wa wakati unaposhuka, na utando hubadilika kadiri unavyozeeka. Kwa hiyo kihisi hurekebishwa mara kwa mara kwa myeyusho wa chumvi uliokolea kabisa. Ule wa chumvi ya mezani hudumisha hewa ya chombo kilichofungwa kwenye unyevuanga wa asilimia 75 hivi. Chumvi kavu huanza kulowa kwenye kiwango hichohicho, na ndiyo sababu kipimo cha chupa hufanya kazi.