Nani Alipe Gharama za Friji Lililokufa?

Asubuhi, katika vitongoji vinavyoizunguka Bujora, baina ya barabara kuu iendayo Musoma na vilima vya mawe, hupita vijana wenye baiskeli na mikokoteni, mizani ya kuning'iniza imefungwa kwenye usukani, wakibisha hodi nyumba hadi nyumba. "Mwangaluka, mayu. Kuna vyuma chakavu humu?" Na mayu, ambaye friji lake lilikufa zamani na sasa ni kabati la kuwekea unga, huuliza suala moja tu: kilo moja mnanunua kwa kiasi gani? Katika suala hilo fupi ndimo ilimo tofauti kubwa baina ya desturi yetu na ya zile nchi ambamo sheria za kurudisha vyombo vya umeme dukani zilizaliwa. Maana huko mwenye chombo kibovu hutafuta mtu wa kumwondolea udhia, ilhali hapa hutafuta mtu wa kumlipa.

Friji hilo likishapimwa na mapatano yakiisha, hupelekwa kwa mnunuzi mkubwa zaidi, pembezoni mwa Kisesa au Igoma, na huko hufanyiwa kazi ambayo yeyote mwenye subira ya kusimama kando kwa muda ataiona tangu mwanzo hata mwisho. Kwanza bomba jembamba la nyuma hukatwa kwa koleo, na gesi iliyokuwa ndani hutoka kwa mlio mkali usiodumu. Kisha kompresa, ile mashine nyeusi ya mviringo iliyo chini kwa nyuma, hufunguliwa na kupasuliwa kwa tindo na nyundo ili upatikane waya wa shaba, ambao vijana wenyewe huuita kopa, na kopa ndiyo yenye bei. Bati la ubavuni hukunjwa liende pamoja na chuma. Aluminiamu ya chumba cha barafu huwekwa mbali. Yanayosalia ni sponji ya manjano iliyokuwa katikati ya kuta, plastiki, mpira wa mlango, na mafuta ya mashine yaliyokwisha kunywewa na mchanga. Hayo hayana mnunuzi. Hutiwa moto, au hutupwa korongoni.

Gesi ile haikuwa nyingi, aghalabu gramu mia na kitu. Lakini ikiwa ni ya aina ya R134a, ambayo imejaa katika mafriji mengi yaliyomo nchini, kilo moja yake hulipasha joto anga sawasawa na zaidi ya kilo 1,000 za hewa ya kaboni, na ikiwa ni R12 ya mafriji ya zamani, huongeza madhara ya kuila tabaka ya ozoni, jambo ambalo mataifa yaliafikiana kulikomesha kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Runinga ya kichogo nayo ina msiba wake. Matangazo ya analojia yalipozimwa Mwanza, Februari 2013, wengi waliziunganisha runinga hizo na king'amuzi, zikaendelea kutumika. Lakini bei ya zile bapa iliposhuka, vichogo vilianza kutolewa nje, na huko nje mtu huvunja shingo ya kioo ili aivue koili ya shaba, akakiacha kioo chenyewe, ambacho katika runinga kubwa hubeba madini ya risasi yanayozidi kilo moja. Bei anayolipwa mayu, kwa hiyo, ni bei ya kile kilicho chema ndani ya chombo chake. Kilicho kibaya huachiwa majirani bila ya malipo yoyote, na mvua zikinyesha kwa nguvu, huachiwa pia ziwa ambalo wakazi wa Mwanza huteka maji yao ya kunywa hapo Capripoint.

Ulaya ilifika kwenye tatizo hili kwa njia nyingine, nayo ilikuwa njia ya dukani. Uswisi, kwa amri yake ya 1998, ilimpa kila mtu haki ya kukirudisha chombo chake kibovu kwa muuzaji yeyote auzaye vyombo vya jinsi hiyo, bila ya kuulizwa alikinunua wapi, na gharama zikalipwa na ada ndogo ambayo wenye viwanda na wafanyabiashara walikubaliana kuitoza siku ya kununua chombo kipya. Ufaransa, tangu Novemba 2006, ada hiyo huandikwa wazi pembeni mwa bei, na muuzaji hana ruhusa ya kuipunguza hata akiwa katika mauzo ya bei nafuu. Uingereza, kwa kanuni za 2013, muuzaji amuuziaye mteja friji jipya shurti alipokee la zamani bila ya malipo, ingawa akilifuata nyumbani anaweza kudai nauli ya gari. Na mwenye duka lenye nafasi ya mita za mraba 400 au zaidi za kuuzia vyombo hivyo hulazimika kupokea vyombo vidogo, visivyozidi sentimita 25 kwa upande wake mrefu, hata kama aliyevileta hakununua kitu. Muuzaji mdogo, ambaye mauzo yake ya vyombo vya umeme hayafiki pauni 100,000 kwa mwaka, aweza kuepukana na kazi ya kupokea kwa kulipa ada katika mfuko unaosaidia vituo vya halmashauri. Napenda sana kifungu hicho cha mwisho, kwa kuwa kimemkumbuka mwenye kibanda. Sheria nyingi humkumbuka siku ya faini tu.

Ujapani ilichagua kinyume. Sheria yake, iliyoanza kutumika Aprili 2001, ilimlazimisha muuzaji kulichukua friji, runinga, mashine ya kufulia au kiyoyozi alichokiuza mwenyewe au ambacho anauza kingine mahali pake, lakini malipo yakawekwa juu ya mteja, tena siku ile ile ya kukitupa. Wajapani ni watu wa nidhamu, na wengi hulipa. Hata hivyo wapo ambao huona ni sahali zaidi kukipeleka chombo msituni usiku. Mtu atakayedai malipo ya kutupa friji katika Kisesa hatalipata friji hata moja.

Na sheria yetu inasemaje? Msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na juu yake zimewekwa kanuni za 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki, ambazo zimemtia katika wajibu mzalishaji, mwagizaji, muuzaji na mtumiaji, na kumtaka mwenye kukusanya au kurejeleza taka hizo awe na kibali. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo lenye kusimamia. Kwa maandishi, basi, hatuko nyuma. Lakini ingia katika maduka ya vyombo vya umeme ya katikati ya jiji la Mwanza, ununue friji, uangalie risiti: utaona bei, utaona kodi ya ongezeko la thamani, utaona saa na tarehe. Hutaona neno lolote juu ya friji la zamani, wala muuzaji hatakuuliza habari zake, naye si wa kulaumiwa, kwani hana ghala la kuliweka na hana mtu wa kumkabidhi.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu mlango wa kodi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa mazingira juu ya simu, kompyuta, runinga, betri na bidhaa nyingine. Maandamano makubwa yalizuka dhidi ya mswada mzima, na mwishoni mwa Juni Rais alikataa kuutia sahihi. Sababu za maandamano zilikuwa nyingi, na ushuru huu ulikuwa moja tu kati ya hizo. Lakini mnunuzi wa simu aliyeusikia ushuru ule alikuwa na haki ya kuuliza ni mtu gani, katika kijiji gani, angemjia kuichukua simu yake kuukuu. Ada isiyokuwa na mkusanyaji mwishoni mwake ni kodi tu, hata ikivikwa joho la mazingira. Rwanda imetangulia kwa upande huo: kiwanda kipo Bugesera, kikiendeshwa na Enviroserve kwa ubia na serikali, na chombo kikiokotwa kina mahali pa kwenda.

Rai yangu ni hii. Katika nchi ambayo chakavu kina bei, ada ya kurejeleza haina budi kurudi kwa mwananchi katika sura ya bei, na irudi juu ya vile vitu ambavyo havina mnunuzi. Yule kijana wa mizani hatutakiwi kumfukuza. Ndiye anayezijua nyumba zote, ndiye anayeamka mapema kuliko gari la halmashauri, na kama kioo cha kichogo kisichovunjwa shingo kingekuwa na bei yake kwa kilo, na friji lenye bomba zima likawa na bei kupita lile lililokatwa, angevileta vikiwa vizima kesho yake. Fedha za kumlipa ndizo zingetoka katika ada ya friji jipya. Muuzaji wa dukani angekuwa na kazi mbili tu: kuiandika ada katika risiti ili mteja aione, na kupokea kile ambacho mteja atataka kukirudisha hapo hapo, akijua siku ya gari kupita.

Kuithamini chakavu si jambo geni Usukumani. Makumbusho ya Bujora, aliyoyaanzisha Padre David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika katika miaka ya 1950, yana nyumba ya mhunzi iliyowekwa kwa heshima miongoni mwa nyumba nyinginezo, pamoja na zana zake. Na ng'ambo ya ghuba, upande wa Geita, Warongo waliyeyusha chuma kutoka mawe kabla chuma cha meli hakijaja. Jembe lililochakaa halikutupwa, lilirudi motoni likawa kisu. Mjini Mwanza, mtaa wa Makoroboi umepata jina kwa mafundi waliokuwa wakigeuza makopo kuwa vibatari. Lakini jembe likirudi motoni halikutoa sumu, na kopo la maziwa halikuwa na gesi ndani yake. Ustadi wa kale ulikutana na kitu kimoja cha jinsi moja, ilhali ubao wa saketi wa leo umechanganya shaba, risasi, bati, plastiki na chembe za dhahabu pamoja, na anayeuchoma kwenye moto wa matairi ili aipate shaba huvuta pumzi ya vyote.

Iko pia shaka ya wapi ada ikusanywe, na hapa nadhani duka si mahali pake pa kwanza. Maduka ni maelfu, na mengine ni meza tu barabarani. Waagizaji ni wachache, na mizigo yao aghalabu hupita bandari ya Dar es Salaam, ambako kila kontena lina karatasi zake. Ada ikitozwa bandarini na kuandikwa dukani, mwenye meza hatabebeshwa hesabu asizoziweza. Mtumba ulipe pia, na ulipe zaidi, kwa kuwa friji lililotumika miaka kumi Ulaya huja hapa likiwa karibu na mauti yake, na anayelipakia melini amejiondolea gharama za mazishi. Uganda ililiona hilo mapema, ikapiga marufuku uingizaji wa mafriji, kompyuta na runinga zilizotumika. Tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki, ziwe na sumu au zisiwe nayo, zisivuke mpaka bila ya idhini ya nchi inayozipokea. Lakini afisa wa forodha bado ana kazi ya kutambua lipi ni friji bovu na lipi ni friji la mtumba, na njia nyepesi ni kulichomeka kwenye umeme na kungoja lipoe.

Yamebaki yale ambayo yamo majumbani tayari na hayakulipiwa ada na mtu yeyote. Ulaya iliamua kwamba mzigo wa vyombo vya zamani waubebe wote waliomo sokoni leo, kila mmoja kwa kadiri ya mauzo yake, na sioni njia yenye insafu zaidi kwetu. Ningeanza na vitu viwili tu, vichogo na mafriji, katika Magu, Ilemela na Nyamagana, kwa ghala moja lenye paa na mizani ya haki, na mtu mmoja mwenye chombo cha kufyonzea gesi, ambacho mafundi wa mafriji wanakijua, ila wachache wanacho.