Mpenzi wa Fasihi Katika Darasa la Sheria

Mshika mawili, moja humponyoka. Wanafunzi wa sheria wanaopenda fasihi huisikia sana methali hii, hasa mitihani inapokaribia. Baadhi yao hutujia kutuaga: daftari la mashairi wamelifunga hadi watakapohitimu. Sisi walimu wao wa Kiswahili husikitika, kwani wengi hawalifungui tena.

Je, ni lazima kuacha kimoja? Hatuoni hivyo. Mathias Mnyampala, mwanasheria, ndiye huyo huyo malenga wa ngonjera. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, baadaye alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika.

Tena, masomo haya mawili yanahitaji jicho moja. Tuchukue Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, kama mkataba unavyosema. Portia anamjibu kwamba mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Mwanafunzi wa sheria atauliza: mkataba wa kumkata mtu ulikuwa halali tangu lini? Na Portia, mke wa Bassanio ambaye ndiye aliyekopewa fedha hizo, anaamuaje kesi hii? Mwanafunzi wa fasihi atauliza: kwa nini tunashangilia kushindwa kwa mtu aliyedharauliwa tangu mwanzo? Anayeuliza yote matatu ameisoma tamthilia vizuri kuliko wenzake.

Hata hivyo, saa za siku haziongezeki. Ushauri wetu ni huu. Riwaya ndefu ziwekwe kwa likizo. Wakati wa muhula, shairi moja kabla ya kulala linatosha. Kila wiki, chagua hukumu moja uliyoisoma kwa Kiingereza, uieleze kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, kana kwamba unamweleza mama wa mshtakiwa. Ukikwama, mara nyingi si Kiswahili kilichopungua. Ni hukumu yenyewe hujaielewa.

Zipo wiki ambazo sheria itachukua kila kitu. Zikipita, rudi. Daftari lisifungwe, liwekwe tu karibu na mto.