Nyimbo za Maombolezo Wakati wa Msiba wa Taifa: Vipi Tumfariji Aliyefiwa?

SWALI: Sisi ni familia ya Katubuka, Kigoma. Kila unapotokea msiba wa taifa, redio hupiga nyimbo za maombolezo kutwa nzima. Mama yetu alifiwa na mwanawe ziwani, na nyimbo hizo huzisikiliza huku analia. Anasema zinampoza. Mdogo wetu anayesoma dini huizima redio na kumwambia kuwa anapata dhambi na anasababisha maiti aadhibiwe. Nyumba imegawika. Tunaomba maelezo.

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake.

Swali hili limetoka ng'ambo ya bara, lakini linatuhusu sana sisi wa visiwani. Nani kwetu asiyeukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama Spice Islander I ikielekea Pemba? Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi hawakuonekana tena. Haukutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Wenzetu wa bara nao wana MV Bukoba ya mwaka 1996 na MV Nyerere ya mwaka 2018, zote katika Ziwa Victoria. Na alipofariki Rais Magufuli Machi 2021, nyimbo za maombolezo zilisikika nchi nzima. Kwa hiyo anayeuliza yuko Katubuka, lakini jibu ni la nyumba nyingi.

Kwanza, kulia si dhambi. Mtume (S.A.W.) alilia alipofariki mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akabainisha kuwa machozi na huzuni ya moyo ni rehma, muhimu ulimi usitamke linalomchukiza Mola. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo na kuilalamikia kadari. Bibi Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia kuwa wanawake walichukuliwa ahadi ya kuacha maombolezo ya namna hiyo. Basi mama huyu asiambiwe kuwa machozi yake ni maasi.

Pili, hukmu ya nyimbo zenyewe. Wanavyuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, wanakataza ala za nyuzi na za kupuliza, na wanaruhusu dufu katika harusi na Idi. Wapo waliokhalifu, kama Ibn Hazm, aliyeona kuwa dalili za kukataza hazikuthibiti. Sisi tunashika kauli ya walio wengi, na hiyo ndiyo tunayoinasihi familia hii. Lakini anayelijua hitilafu hili hamkemei mzee aliyefiwa kama vile kaabudu sanamu.

Hata hivyo, tukiishia kwenye ala tutakuwa hatukuigusa khasa shida ya nyumba hii. Imamu al-Ghazali, naye ni Mshafii, katika Ihyaa Ulumid-Din ameandika mlango mrefu juu ya usikilizaji wa sauti nzuri, na amekuwa mpana kuliko wengi. Pamoja na upana huo, amezipambanua sauti za huzuni mafungu mawili. Huzuni ya mja juu ya upungufu wake katika dini na madhambi yake ni njema, na sauti inayoiamsha ni njema. Huzuni ya kukipekua kilichokwishapita, na kumlilia maiti kwa kuukataa uamuzi wa Allah, haifai, na sauti inayoichochea haifai. Ushahidi wake ni maana ya Aya ya 23 ya Suratul Hadid, inayotukataza kujihuzunisha kwa yaliyotupita.

Hapo ndipo tunapomuomba mama ajipime mwenyewe. Nyimbo zikinyamaza, moyo unabaki vipi? Kama anasimama akaswali na kumuombea mwanawe, ni jambo moja. Kama kila wimbo unamrudisha siku ile ya kwanza, halali wala hali, basi hizo zinatonesha kidonda. Tena maneno ya baadhi ya nyimbo humlaumu Mungu kwa kuchukua, au humsifu maiti kwa sifa zisizokuwa zake, na nyengine zimebeba itikadi isiyokuwa yetu. Majirani zetu wasiokuwa Waislamu wana kwaya zao katika misiba. Hatuwakejeli, na tunakwenda kuwapa mkono wa pole na kuwasaidia. Ila kuitikia maneno ya itikadi yao si katika wema wa ujirani.

Tatu, kijana ameambia mama jambo zito, kwamba maiti anaadhibiwa. Hadithi ya maiti kuadhibiwa kwa kuliliwa na jamaa zake ipo na ni sahihi. Lakini Bibi Aisha (R.A.) alipoisikia aliwarejesha watu kwenye hukmu ya Qur'ani kwamba nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyengine. Wanavyuoni wengi wakaifahamu kuwa ni kwa yule aliyeusia aombolezwe. Kijana aliyezama akivua hakuusia hayo. Mama asibebeshwe khofu juu ya msiba.

Nne, tumpe mama kilicho bora kuliko tunachomuondolea. Mtume (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa maji kuwa ni miongoni mwa mashahidi, pamoja na aliyekufa kwa maradhi ya tumbo. Watu wa Kigoma wanazijua zote mbili. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walifika Kagunga kwa maelfu na kipindupindu kikaua miongoni mwao. Mama asomewe hadithi hii kila anaposhikwa na majonzi, kwani ni habari ya mwanawe. Kama mwili haukupatikana, wapo wanavyuoni wanaoruhusu aswaliwe Swala ya ghaibu. Muulizeni imamu wenu.

Na kama sikio lake linataka sauti, ipo. Allah ametuambia katika Suratur Ra'd, Aya ya 28, kuwa nyoyo hutulia kwa kumtaja Yeye. Wekeni msomaji wa Qur'ani anayempenda mama. Ujiji ni mji mkongwe wa Uislamu, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora, na dhikri za Kadiria zina mizizi huko kama zilivyo kwetu Unguja, alikozieneza Sheikh Uways al-Barawi, aliyefariki mwaka 1909. Mpelekeni kwa wanawake wenziwe wanaokaa kwenye dhikri na kisomo, aitikie pamoja nao. Mfiwa mara nyingi hufungua redio kwa sababu nyumba imekuwa kimya. Alipouliwa Ja'far bin Abi Talib (R.A.) katika vita vya Mu'ta, Mtume (S.A.W.) aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Mpikieni, mkae naye.

Tano, nasaha kwa kijana. Mtume (S.A.W.) alimpitia mwanamke analia kaburini, akamnasihi amche Allah na asubiri. Yule bibi, bila kumjua, alimjibu kwa ukali kuwa hakupatwa na msiba kama wake. Mtume akamwacha, hakumfokea. Baadaye bibi alipojua ni nani, alimwendea nyumbani kuomba radhi, asikute bawabu mlangoni, na ndipo akafundishwa kuwa subira ni ile ya pigo la kwanza. Huyo ni mama wa watu, na ndivyo alivyotendewa. Wako ni mzazi wako, na Suratul Israa, Aya ya 23, imekukataza hata kumguna. Muombe radhi mama. Kisha kaa ubavuni mwake, umsomee Yaasin kwa sauti yako, na redio ataizima mwenyewe inshaAllah.

Tunamuomba Allah awarehemu waliozama katika bahari zetu na maziwa yetu, na awape subira waliobaki. Wallahu a'lam.