Kabla hujaagiza katoni nyingine ya waya za chaja, soma hii

Leo tuongee kuhusu viwanda kubuni bidhaa kwa kufikiria mazingira. Najua ushaanza kusema hayo ni mambo ya Ulaya, sisi tunatafuta hela ya kula. Subiri kidogo, usipitilize.

Tuanze na waya za iPhone. Kuanzia iPhone 5 ya mwaka 2012, Apple walikuwa na tundu lao wenyewe, Lightning. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria: kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, simu, tableti na kamera mpya zinazouzwa kwao na kuchajiwa kwa waya ziwe na tundu moja, USB-C, hii tunayoiita Type C. Hoja yao ni kwamba watu wana chaja nyingi zisizoingiliana, na mwisho wake zinageuka taka. Apple hawakusubiri tarehe ifike. iPhone 15 ilitoka Septemba 2023 ikiwa na Type C, na siyo kwa Ulaya peke yake. Hata hii unayoipost wewe iko hivyo.

Sasa jiulize aliyejaza stoo waya za Lightning mwaka huo. Zinauzika bado, maana iPhone za zamani tunazo mitaani, ila soko lake halikui tena. Na habari ilikuwa wazi zaidi ya mwaka mzima kabla!

Kinachofuata ni betri. Sheria nyingine ya huko huko inasema kuanzia tarehe 18 Februari 2027, vifaa vingi vya kubebeka viwe na betri ambayo mtumiaji anaweza kuitoa na kuibadilisha mwenyewe. Hii imenigusa kwa sababu niliwahi kuuza feni za kuchaji. Nzuri kwenye picha, zikaisha haraka. Baada ya miezi michache wateja wakaanza kurudi inbox: haikai na chaji. Nikampelekea fundi moja, akaniambia imebanwa kwa gundi, ukiifungua unaivunja. Feni nzima ikawa takataka kwa ajili ya betri tu. Mteja hamjui aliyeitengeneza, anakujua wewe.

Skurubu au gundi ni uamuzi wa mtu aliyekaa na mchoro kiwandani. Ikishatoka pale, wewe na fundi hamna la kufanya. Ni kama Sprite: mwaka 2022 Marekani waliacha chupa ya kijani wakaweka nyeupe inayoona, kwa sababu plastiki ya rangi ni ngumu kuirudisha kuwa chupa mpya. Soda ni ile ile.

Kwa hiyo kabla hujalipia mzigo, muulize supplier: inafunguliwa kwa skurubu? Betri ni ya saizi ya kawaida, inapatikana madukani? Inachajiwa kwa Type C au ina waya wake wa peke yake? Akizungusha maneno, chukua sampuli moja ufungue mwenyewe.

Ukipata inayofunguka, iseme kwenye posti: “betri inabadilishwa”, na uweke picha. Hayo maneno ya “rafiki wa mazingira” usiyaandike kama huwezi kumweleza mteja kwa nini. Atauliza tu, tena kwenye komenti mbele ya watu.