Nyasi za Nchi Baridi na Shida ya Joto

Mfugaji aonapo malisho yake yamegeuka rangi ya kahawia, hushikwa na mashaka. Je, nyasi zimekufa, alime na kununua mbegu upya, au zimelala tu zikingoja mvua? Akikosea jibu hupoteza fedha, na pengine malisho yenyewe.

Nyasi za malisho ni za namna mbili. Ziko zilizozoea joto, kama nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Nyingine zilitoka katika nchi za baridi za Ulaya, kama rai na fesku. Rai hupandwa pia katika Kenya, mahali palipoinuka kama Molo na Kinangop, kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Nyasi hizi za pili hustawi katika joto la digrii 15 hadi 24 za Sentigredi, na mizizi yake hutaka ubaridi zaidi, digrii 10 hadi 18.

Joto likizidi, shida huanzia ndani ya jani. Mmea hutengeneza sukari kwa hewa ya kaboni, maji na nuru ya jua. Lakini katika nyasi za nchi baridi, kadiri joto lipandavyo, jani hukamata oksijeni mara nyingi zaidi badala ya hewa ya kaboni, na kazi yake hupotea bure. Wakati huo huo mmea hupumua kwa haraka na kuitumia sukari upesi. Ni kama nyumba ambayo matumizi yamezidi mapato: akiba huliwa. Akiba ikipungua, mizizi huanza kufa hata kabla majani hayajaonyesha dalili. Ndiyo sababu joto la udongo hudhuru kuliko joto la hewa.

Hata hivyo nyasi hizi zina kinga. Maji yatokayo katika majani, mfano wa jasho, huyapoza. Na fesku, yenye mizizi mirefu, hustahimili kuliko rai kwa kuwa huyafikia maji ya chini. Tena mmea hutengeneza protini maalum zilindazo protini nyingine zisiharibiwe na joto. Mambo yakizidi, nyasi huacha kukua, zikalala. Mwezi wa Julai 2022 joto lilifika digrii 40.3 huko Coningsby, Uingereza, na kwa joto na ukame wa mwaka ule nyasi za sehemu nyingi zilikauka. Mvua ziliponyesha, zilichipuka tena. Majani yalikuwa yamekufa, bali mashina yalikuwa hai chini.

Akiba ya sukari huwekwa papo hapo, chini ya shina. Basi ng'ombe wakiachwa kula hadi kwenye udongo wakati wa joto, huila akiba hiyo na kuuvua udongo kivuli chake. Yafaa nyasi zibakizwe kimo cha upana wa vidole vinne, wala zisitiwe mbolea ya naitrojeni wakati huo, maana huzilazimisha kuotesha majani zisiyoweza kuyalisha.

Na kabla ya kulima upya, mfugaji ang'oe mashina machache ayachunguze. Yakiwa meupe na imara karibu na mizizi, nyasi zi hai, na angoje mvua. Yakiwa ya kahawia na kuvunjika kwa wepesi, zimekufa. Hapo ndipo atafute mbegu.